Karama Barazani: Ushujaa wa Moyo na Kasumba Dhidi ya Kiswahili Nchini Uganda

Utangulizi

Kila tunapofika katika riwaya ya Kusadikika, kuna mwanafunzi anayeuliza swali lile lile: kwa nini Karama hakutoroka? Aliyajua mashtaka, alimjua mshtaki wake, na aliyajua yaliyowapata watu wema waliomtangulia. Mwalimu anaweza kulijibu swali hili kwa mzaha, kwamba Karama angetoroka pasingekuwa na hadithi, kisha akaendelea na dhamira, wahusika na tamathali za usemi. Sisi tumeona kwamba swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Ni zito zaidi linapoulizwa katika darasa la Kiswahili nchini Uganda, na mwanafunzi ambaye pengine ameulizwa nyumbani kwao kwa nini amechagua lugha ya askari na wezi.

Katika makala hii tunakusudia kufanya mambo mawili. Kwanza, tutamtazama Karama, mhusika mkuu wa riwaya hiyo ya Shaaban Robert, tuone ushujaa wake ni wa aina gani na unatokana na nini. Pili, tutaieleza kwa ufupi historia ya dharau iliyokipata Kiswahili katika nchi hii, kwa sababu tunaamini kwamba historia hiyo inatusaidia kumwelewa Karama, na kwamba Karama naye anatusaidia kuielewa historia hiyo. Mwishoni tutarudi kwenye swali la mwanafunzi wetu.

Mwandishi na nchi yake ya angani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, kisha akaingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Alianzia katika idara ya forodha, baadaye akahamia idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwishowe idara ya upimaji wa ardhi. Alifariki mwaka 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru wake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi zake aliziandika akiwa mtumishi wa serikali ambayo hakuichagua yeye wala wananchi wenzake.

Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951. Wakati huo Tanganyika ilikuwa ikitawaliwa na Uingereza chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na chama cha TANU kilikuwa hakijazaliwa. Kilizaliwa mwaka 1954. Karani wa ofisi ya wilaya hakuwa na nafasi ya kusimama mbele ya mkubwa wake akamwambia kwamba sheria zake zinaonea watu. Alichoweza kufanya ni kubuni nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote, akaitundika angani, akaipa mfalme, mawaziri, baraza na magereza, kisha akamwachia msomaji kazi ya kuiteremsha chini. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama sitiari ya utawala wa kikoloni, na sisi tunakubaliana nao. Hata hivyo, tunaona kwamba kuishia hapo ni kuipunja kazi hii. Kama Kusadikika ingekuwa ni Tanganyika ya mwaka 1951 tu, isingekuwa na la kutuambia leo. Mwandishi aliishambulia tabia ambayo haina rangi wala bendera, nayo ni tabia ya jamii kuhukumu kwanza na kusikiliza baadaye.

Jina lenyewe la nchi hiyo ni somo zuri kwa wanafunzi wa sarufi. Kitenzi ni sadiki, yaani amini kuwa jambo ni kweli. Tukikinyambua katika kauli ya kutendeka, kama tunavyofanya kwa soma na someka, au vunja na vunjika, tunapata sadikika. Kitu kinachosadikika ni kile kinachoweza kuaminiwa. Si lazima kiwe cha kweli. Inatosha kwamba watu wako tayari kukiamini. Hii ndiyo hali ya raia wa nchi hiyo. Wanaamini kwa urahisi kile walichozoea kukisikia, na hawaoni haja ya kudai ushahidi.

Kosa la Karama

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu, wazingatie kwamba Karama hakushtakiwa kwa wizi, wala kwa uasi wa silaha. Kosa lake lilikuwa kufundisha. Alianzisha mafunzo ya uanasheria katika nchi ambayo haikuwa nayo. Mshtaki wake, Waziri Majivuno, alisimama barazani akayageuza mafunzo hayo kuwa hatari kwa nchi nzima, akataka mshtakiwa apewe adhabu kali.

Majivuno hana ushahidi kwamba kuna mtu aliyedhurika kwa elimu hiyo. Nguvu ya maneno yake inatokana na mazoea. Jambo hili ni geni. Wazee wetu hawakulijua. Tumeishi vizuri bila ya hilo. Anayelileta ana nia mbaya. Hizi ni hatua nne tu, na kila moja inaonekana kuwa na mantiki mpaka pale mtu anapouliza ilivyofungamana na ile iliyotangulia. Kasumba ya jamii hujengeka hivi. Huanza na ugeni wa kitu na kuishia kwenye tabia ya mtu, bila kupita kwenye ushahidi.

Ndiyo maana tunasema kwamba Karama alikabiliwa na mashtaka mawili kwa wakati mmoja. La kwanza lilitamkwa barazani na lingeweza kujibiwa kwa hoja. La pili halikutamkwa, bali lilikuwa vichwani mwa wasikilizaji kabla hawajaketi. Mtu anaweza kushinda lile la kwanza akashindwa na hili la pili, na watu wengi wema duniani wameshindwa hapo.

Siku sita za utetezi

Karama alipopewa nafasi ya kujitetea, hakuanza kwa kueleza sifa zake. Kwa muda wa siku sita aliwasimulia wasikilizaji habari za wajumbe sita ambao Kusadikika iliwahi kuwatuma nje ya mipaka yake: pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Wajumbe hao walisafiri kwa taabu, wakaona mambo mema katika nchi za wenzao, wakarudi na habari ambazo zingeifaidi nchi yao. Badala ya kupewa shukrani, walitiwa gerezani.

Majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Tunapenda wanafunzi wayatafute majina haya katika kamusi kabla ya kuendelea na usomaji. Buruhani ni hoja au uthibitisho. Fadhili ni wema. Kabuli ni kukubali. Auni ni msaada. Ridhaa ni kukubali kwa moyo wa hiari. Amini ni uaminifu. Mwanafunzi akishayaweka pamoja ataona mwenyewe kwamba gereza la Kusadikika limejaa tunu ambazo jamii yoyote inazihitaji ili iishi kwa haki. Na wa kwanza katika orodha ni Buruhani. Nchi iliyomfunga Uthibitisho imebaki kusadiki tu.

Sasa tunaweza kuuona ushujaa wa Karama kwa uwazi zaidi. Tumezoea kuuita ushujaa ule wa vitani, wa mkuki na ngao, au ule wa mashujaa wa tenzi kama Fumo Liyongo. Ushujaa wa Karama ni wa moyo, na tumeona kwamba una sifa tatu.

Sifa ya kwanza ni kwamba hakuitumia nafasi yake kwa ajili yake peke yake. Mtu aliye katika hatari ya kuadhibiwa ana haki ya kusema habari zake tu, na hakuna ambaye angemlaumu Karama kwa kufanya hivyo. Yeye aliigeuza kesi yake kuwa kesi ya watu ambao kesi zao zilikwisha kufungwa na kusahauliwa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wajumbe wale sita hawakuwepo barazani, na la kwao lilikuwa limepotea mpaka Karama alipolisema.

Sifa ya pili ni adabu. Katika siku zote hizo hakumtukana Majivuno wala hakuwadharau wasikilizaji kwa ujinga wao. Aliongea nao kama watu wenye akili ambao hawajapata nafasi ya kusikia upande wa pili. Wanafunzi wengine huiona adabu hii kuwa ni woga, au kujipendekeza kwa mfalme. Sisi tunaona kinyume chake. Ni rahisi kumtukana mtu anayekudharau, na raha yake haidumu hata jioni. Kuendelea kumheshimu wakati una hakika kwamba amekosea ni kazi ngumu inayotaka moyo.

Sifa ya tatu ni kwamba hakuwa na dhamana yoyote ya kushinda. Msomaji anayejua mwisho wa riwaya anaweza kusahau hili. Mwishoni wajumbe wanafunguliwa na Karama anasalimika, lakini siku ya kwanza, ya pili na ya tatu hakuwa na dalili ya hayo. Ushujaa unaongojea uhakika wa ushindi hauna tofauti kubwa na hesabu za biashara.

Kasumba yetu wenyewe

Tuiache Kusadikika hewani kwa muda tuteremke Uganda. Historia ya Kiswahili katika nchi hii ina mafunzo mengi, na wanafunzi wetu wengi hawaijui.

Kiswahili hakikuletwa hapa na wanajeshi, kama inavyodhaniwa. Kilifika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, na katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza kilikuwa lugha ya watu waliotaka elimu na habari za dunia. Mmisionari Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878 alikitumia katika mafundisho yake. Kabla Injili haijapatikana kwa Kiganda, wasomaji wa kwanza walijifunza maneno ya dini yao mpya kwa Kiswahili. Kwa hiyo lugha ambayo baadaye iliambiwa haina nafasi katika elimu, ilikuwa miongoni mwa lugha za mwanzo kabisa za kusomea hapa.

Baadaye hali ilibadilika. Baadhi ya viongozi wa kanisa walikishuku Kiswahili kwa kuwa walikiona kimefungamana na Uislamu, na Kiganda kilikuwa kimekwisha kupata maandishi na vitabu. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alitoa waraka uliopendekeza Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Pendekezo hilo lilizua upinzani mkubwa. Maaskofu walilipinga, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kulipinga.

Hapa tunapaswa kuwa waadilifu, kwani mgala muuwe na haki yake umpe. Upinzani wa Buganda haukuwa wa ujinga. Katika miaka ile ile kulikuwa na mazungumzo ya kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika, na Tume ya Hilton Young iliundwa kulichunguza suala hilo. Waganda waliona jinsi masetla walivyotwaa ardhi ya Kenya, wakahofu kwamba lugha moja itakuwa mlango wa utawala mmoja, na utawala mmoja utakuwa mwisho wa mamlaka na ardhi yao. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kilichotokea baadaye ndicho kinachohusu makala hii: sababu za hofu zilitoweka, lakini dharau ilibaki. Muungano ule haukutokea, masetla hawakuja, ila Kiswahili kiliendelea kuonekana kama lugha ya mtu duni. Kasumba ina tabia ya kuishi muda mrefu kuliko sababu iliyoizaa.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Kiswahili kisitambuliwe tena kama lugha ya shule nchini Uganda, isipokuwa katika shule za polisi. Tarehe hiyo inafaa kukumbukwa na kila mwalimu wetu. Ni mwaka mmoja tu baada ya Kusadikika kuchapishwa. Tena, katika mwaka huo huo ofisi ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na kazi ya kusanifisha na kukuza Kiswahili, ilihamia Makerere, ikakaa huko hadi mwanzoni mwa miaka ya sitini. Wataalamu walikuwa wakiichambua lugha kilimani Makerere, huku watoto wa nchi hiyo hiyo wakizuiwa kuisoma darasani.

Matokeo ya uamuzi wa mwaka 1952 yalionekana kizazi kimoja baadaye. Lugha iliyotolewa shuleni na kubakizwa katika jeshi na polisi ilijulikana kwa raia wengi kupitia midomo ya askari. Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, amri za vizuizini na kambini zilitolewa kwa Kiswahili. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini hapakuwa na walimu wala vitabu vya kulitekeleza tangazo hilo. Raia aliyesimamishwa usiku na mtu mwenye bunduki hakukumbuka ikulu ya Mutesa wala mafundisho ya Mackay. Alikumbuka maneno aliyoambiwa na sauti iliyoyasema. Hatuwezi kumlaumu.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwezi Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, yakiwa pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliingia Kampala na kumwondoa Amin. Hao nao walizungumza Kiswahili. Watu wa Kampala waliwaita bakombozi, neno walilolichukua kutoka wakombozi wakalivika kiambishi cha Kiganda. Neno hilo moja linaonyesha kwamba lugha haina hatia wala utukufu wa wale wanaoizungumza. Ilitumika kutisha, ikatumika kukomboa, na sarufi yake haikubadilika.

Tangu wakati huo sheria zimekwenda mbele kuliko hisia za watu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 ulikitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana itakayoendelezwa katika Jumuiya. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua ya kukifanya kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Jirani zetu wa Rwanda walikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Hata hivyo, mwanafunzi wetu bado anaulizwa nyumbani swali lile lile.

Karama na mwalimu wa Kiswahili

Tunaweza sasa kuzileta habari hizi mbili pamoja. Karama alishtakiwa kwa kufundisha jambo ambalo jamii yake ililihukumu kabla ya kulijua. Mwalimu wa Kiswahili katika nchi hii yuko katika hali inayofanana kidogo na hiyo. Hakuna anayemtishia kifungo, na tusijitie ushahidi wa mateso ambayo hatukuyapata. Lakini ameonja dharau ndogo ndogo: somo linalowekwa saa za mwisho wakati wanafunzi wamechoka, mzazi anayeomba mwanawe abadilishiwe somo, abiria anayegeuka kumtazama kwa wasiwasi ndani ya teksi kwa sababu amejibu simu kwa Kiswahili.

Dharau ndogo zina hatari yake. Hazimfanyi mtu apigane, zinamfanya anyamaze. Tumesikia wanafunzi wakikiri kwamba wakiulizwa wanasoma nini chuoni hutaja somo lao la pili na kuliacha la Kiswahili. Na sisi walimu tujiulize ni mara ngapi tumefanya vivyo hivyo. Mtu anayeficha kazi yake hajafanya kosa lolote la kisheria, ila amekwisha kukubaliana na Majivuno bila hata ya kuitwa barazani.

Hapa ndipo mfano wa Karama unapotufaa, na hapa pia ndipo unapotakiwa kutumiwa kwa uangalifu. Karama alikuwa na mfalme mmoja ambaye neno lake lingeweza kuyafungua magereza. Baada ya siku sita alisikilizwa, na hukumu ikageuka. Tunakiri kwamba mwisho huo unatupa shaka kidogo. Je, raia wa Kusadikika walibadilika mioyo, au walitii tu amri mpya kama walivyotii ile ya zamani? Riwaya haitupeleki nyumbani kwao siku ya saba. Sisi wa Uganda tunajua kutokana na uzoefu kwamba amri haifuti kasumba. Tangazo la 1973 halikukifanya Kiswahili kipendwe, na marekebisho ya katiba ya 2005 pekee hayakukifanya kifundishwe. Kilichobaki ni kazi ya siku sita, yaani kusimulia, kwa subira na kwa ushahidi, mbele ya watu ambao bado hawajasadiki.

Na kusimulia huko kufanywe kwa adabu ya Karama. Tukimwambia mzee aliyepigwa na askari mwaka 1976 kwamba hofu yake ni ujinga, tutakuwa tumemfanyia jeuri ya pili. Inatupasa kwanza kuisikia habari yake, tukubali kwamba ni ya kweli, kisha tumwambie na habari nyingine ambazo pia ni za kweli: ya wasomaji wa ikulu ya Mutesa, ya bakombozi, ya wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanaoendesha maisha yao kwa lugha hii kila siku. Nazo habari hizo zimekaa gerezani muda mrefu.

Mapendekezo kwa walimu

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu wanaofundisha riwaya hii katika mazingira yetu.

Kwanza, kabla ya kumtetea Karama, darasa liandike hotuba ya Majivuno kwa nguvu zote. Mwanafunzi ambaye hajaona jinsi mashtaka yanavyoweza kuvutia hataelewa kwa nini kuyajibu kunahitaji ushujaa. Mara nyingi tumeona wanafunzi wakishtuka wanapogundua kwamba hotuba waliyoiandika inafanana na maneno yanayosemwa kijijini kwao kuhusu kabila jirani, dini nyingine au lugha fulani.

Pili, wanafunzi wagawanywe katika makundi sita, kila kundi limchukue mjumbe mmoja, kisha limtafutie mfano katika historia ya nchi yake: mtu, jambo au wazo jema lililokataliwa kwa sababu lilikuwa geni. Zoezi hili linaifanya riwaya iteremke kutoka angani, na linawafundisha utafiti bila kuwachosha.

Tatu, swali la mtihani lisiishie katika kueleza sifa za Karama. Jibu la swali hilo hukaririwa kwa urahisi: ni jasiri, ni mvumilivu, ni mwenye hekima. Afadhali aulizwe: Karama angesema nini kama baraza lingempa siku moja tu? Mwanafunzi atalazimika kuchagua, na kuchagua ndiko kunakoonyesha kwamba ameelewa.

Hitimisho

Tulianza na swali: kwa nini Karama hakutoroka? Kwa maoni yetu kuna majibu mawili, na yote yamo ndani ya riwaya.

Jibu la kwanza ni kwamba alikuwa mwalimu wa sheria. Mwalimu wa sheria anayekimbia baraza amekwisha kuwaambia wanafunzi wake kwamba somo lake halina thamani siku linapohitajika. Angeokoa mwili wake, lakini Majivuno angeshinda bila kusema neno zaidi. Jibu la pili ni kwamba kulikuwa na watu sita gerezani. Karama angetoka nje ya mipaka, wao wangebaki walipo, na hakuna mwingine ambaye angesimama kuwasemea.

Majibu haya mawili yanatosha kwa mtihani. Kwa mwanafunzi wetu, ambaye jioni atapanda teksi kurudi nyumbani, tunayo nyongeza moja tu. Simu ikilia na mwenzake akamsalimu kwa Kiswahili, aitikie kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya kawaida. Abiria aliye karibu naye akigeuka kumtazama, amsalimu na yeye.